Ubunyafyale na Ikisu: Dhana Mbili Ndani ya Neno "Uchifu"

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya istilahi mbili za Kinyakyusa, ubunyafyale na ikisu, ambazo katika maandishi ya Kiswahili kuhusu Kyela na Rungwe aghalabu hufasiriwa kwa neno moja: uchifu. Inadaiwa hapa kwamba ufasiri huo unaficha jambo la msingi katika historia ya utawala wa Wanyakyusa.

2.0 Umbo na Maana

Ubunyafyale ni nomino ya ngeli ya 14, yenye uhusiano na jina la mtawala, malafyale (wingi: abanyafyale). Hutaja hadhi na mamlaka. Ndiyo maana Ufalme wa Mungu huitwa ubunyafyale bwa Kyala. Ikisu ni nomino ya ngeli ya 7 (wingi: ifisu), nayo hutaja nchi pamoja na wakazi wake. Ifisu huhesabika, ubunyafyale, kama dhana, hauhesabiki.

Katika Kiswahili, kiambishi u- hubeba maana zote mbili: hali, kama katika uzee, na nchi, kama katika Unyamwezi. Kwa hiyo uchifu huweza kuwa cheo au eneo, na msomaji huachwa akikisia.

3.0 Ushahidi wa Ubusoka

Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza kuwa katika sherehe ya ubusoka malafyale aliwakabidhi wanawe utawala, na nchi ikagawanywa baina ya wana wawili wakuu. Kilichogawanywa ni ikisu. Ubunyafyale ulirithiwa, na kila mrithi aliupata mzima. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika Malawi ya leo, hali ilikuwa tofauti: Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, walimtambua mtawala mkuu mmoja, Kyungu.

4.0 Hitimisho

Sheria ya 1963 iliyofuta mamlaka ya machifu Tanganyika iliondoa nguvu ya kiserikali ya ubunyafyale. Nchi na watu wake walibaki. Mtafiti anayekuta katika nyaraka kwamba "uchifu uligawanyika" au "uchifu ulikwisha" hana budi kuuliza kwanza ni upi unaosemwa. Inapendekezwa kuwa ubunyafyale ufasiriwe uchifu, na ikisu nchi ya chifu.