Dhoruba Imeondoka na Mabati: Una Nini cha Kumwonyesha Mtu wa Bima?

Wateja wetu wa Rongo wanaijua hii. Asubuhi jua kali, saa nane mchana wingu jeusi, saa kumi upepo na mvua ya mawe. Kabla ya magharibi mabati matatu yako kwenye miwa ya jirani.

Kesho yake simu zinaanza. Mtoto aliye Nairobi anatuma pesa ya mabati, fundi anatumiwa yake, mwenye pikapiki naye anataka yake. Kufikia jioni kuna malipo sita, na mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka yapi yalikuwa ya nini. Kama nyumba ina bima, hapo ndipo pesa hupotelea.

Bima ya nyumba hulipa hasara ya ghafla, kama dhoruba au moto. Hailipi uchakavu. Kwa hivyo asesa akifika, swali lake kubwa ni moja: paa hili liling'olewa na upepo, au lilikuwa limeshaoza likingojea upepo? Ataangalia kama misumari imeshika kutu, kama mbao zimeliwa na mchwa, na bati ni geji gani. (Wengi hukosea hapa: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 28.) Kama Januari ulibadilisha misumari na mbao mbili, hiyo ndiyo hoja yako. Lakini utaithibitisha na nini?

Wengi hutuambia, "Si meseji ya malipo iko?" Iko, na inasaidia. Ina jina, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Kile haisemi ni ulinunua nini. Shilingi 8,000 kwa fundi inaweza kuwa paa, inaweza kuwa choo, inaweza kuwa deni la harusi.

Kwa hivyo unganisha vitu vitatu. Ukilipa hardware kwa Till, omba risiti inayotaja idadi ya mabati na geji, kisha andika namba ya muamala juu yake kwa kalamu. Ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu risiti za mashine hufifia. Baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Fundi mlipe kando na vifaa, naye akuandikie hata kwenye karatasi ya daftari: tarehe, kazi aliyofanya, jina, simu na sahihi. Halafu picha za paa lenyewe, pande zote nne na ndani kwenye dari, kabla na baada ya kazi. Jitumie zote kwa barua pepe. Simu ikiibiwa stage, meseji zimeenda nayo. Taarifa ya malipo bado unaweza kuiomba kwenye menyu, lakini picha hatuwezi kukurudishia.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisikia wakati wameshachelewa. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi 1,000,000, wewe umeikatia bima ya 500,000 ili ulipe kidogo. Hasara ya 200,000 ikitokea, kampuni inaweza kulipa nusu tu, 100,000, na bado ikatoa ile sehemu ambayo mkataba unasema ni yako kubeba. Ukiongeza chumba au kubadilisha paa, waambie, na risiti ndizo zitaonyesha thamani imepanda. Angalia pia ni majengo gani yametajwa. Kwenye dala kuna nyumba kubwa, jiko, na pengine simba ya kijana. Ambayo haikuandikwa usitegemee italipwa.

Tusidanganyane, nyumba nyingi huku hazina bima kabisa. Lakini ukiwa na ploti ya kupangisha wanafunzi karibu na chuo, au unajengea wazazi ukiwa mbali, rekodi hizi bado zitakusaidia: fundi akisema hajalipwa, au bati likivuja baada ya miezi miwili na yeye anasema si kazi yake.

Dhoruba ikishapita, piga picha kwanza kabla ya kuokota chochote. Ndipo ufunike kwa turubai ili mvua ya kesho isiongeze hasara, na uweke risiti ya turubai. Ripoti kwa kampuni siku hiyo au kesho yake, usingoje fundi amalize.

Na malipo ya bima yenyewe yaende kwa Paybill ya kampuni, namba ya polisi yako ikiwa kwenye sehemu ya akaunti. Ajenti akikuambia utume kwa laini yake "ni haraka zaidi", kataa, kisha uulize Mamlaka ya Udhibiti wa Bima kama ana leseni. PIN yako hahitaji, hata kama anakusaidia kujaza fomu.