Vita moja, hesabu mbili: namna watafiti wanavyowahesabu wafu wa Congo

Raia wengi wa mashariki mwa Congo wamekwisha kusikia kwamba vita viliua watu zaidi ya milioni tano. Wamesikia pia juu ya ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, inayoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa. Baadhi huuliza: nani anasema kweli? Jibu ni kwamba kila upande ulikuwa na swali lake na njia yake ya kupima ukweli.

Hesabu ya kwanza ni ya wataalamu wa afya na takwimu. Kati ya mwaka 2000 na 2007, shirika la IRC, lenye makao yake New York, lilifanya tafiti tano. Familia zilichaguliwa kwa kura na kuulizwa nani amefariki nyumbani. Kisha vifo hivyo vililinganishwa na vile ambavyo vingetokea hata bila vita. Tofauti yake ilikuwa vifo milioni 5.4, kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Wengi hawakupigwa risasi: waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na njaa.

Ubishi ulianzia hapo. Mwaka 2010, watafiti wa Canada walisema kipimo cha vifo vya kawaida, yaani watu 1.5 kwa kila 1,000 kwa mwezi, kilikuwa kidogo mno kwa Congo. Walipoweka 2, vifo vilivyohesabiwa tangu Mei 2001 vilishuka kutoka milioni 2.8 hadi chini ya milioni moja.

Ripoti Mapping, iliyotolewa Oktoba 2010, haikufuata njia ya makadirio. Kila tukio, kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003, lilihitaji angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Mashahidi zaidi ya 1,280 walisikilizwa. Hata hivyo, ushahidi huo ulilenga kufungua njia ya uchunguzi, si kumhukumu mtu.

Mtoto aliyekufa kwa malaria wazazi wakikimbilia msituni si rahisi aonekane katika kazi ya wanasheria. Mtakwimu humhesabu, lakini hawezi kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili yake. Anayetaka dawa na chakula kwa wakimbizi anahitaji hesabu ya kwanza. Anayedai haki anahitaji ya pili.

Hivyo, anayetumia 617 kukanusha mamilioni analinganisha vitu visivyolingana. Kabla ya kuamini au kukataa hesabu ya wafu, inafaa kuuliza kwanza: waliohesabu walikuwa wakitafuta nini?