Kompyuta Inapogoma: Kutafuta Kasoro Hatua kwa Hatua

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuzitambua na kuziondoa kasoro ndogo za kompyuta inayotumia Windows, iwe ile ya nyumbani kwake au ile moja iliyomo ofisini mwa shule. Aidha, yanamwonyesha jinsi utafutaji huo wa kasoro unavyoweza kuwa somo zuri darasani. Makala hayafundishi ufundi wa kufungua mashine. Yanafundisha kufikiri kabla ya kumwita fundi.

KWA NINI MWALIMU AJIFUNZE JAMBO HILI

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Leo mwalimu huhifadhi humo alama za wanafunzi, maandalio ya masomo na mitihani. Mashine ikigoma, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama hufungiwa stoo ikiitwa mbovu, na watoto wakaendelea kujifunza kipanya kwa kukichora ubaoni. Ama hupelekwa kwa fundi, naye kwa kutaka kazi iishe upesi akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mashine hurudi nzima, lakini alama za mwaka mzima hazimo.

Kwa shule iliyo milimani, mathalani huko Kifungilo, fundi hana budi kufuatwa Lushoto mjini, na pengine Korogwe au Tanga. Hapo hasara huongezeka kwa nauli na kwa siku zinazopotea. Kumbe huenda kasoro yenyewe ilikuwa waya uliolegea.

KANUNI YA KUTAFUTA KASORO

Katika ualimu tunaambiwa tumtoe mtoto kwenye jambo analolijua, tumpeleke kwenye asilolijua. Watoto wa Usambara wanaijua mifereji ya kumwagilia mashamba. Maji yasipofika bustanini, mkulima hafukui mfereji mzima, wala hasemi kwamba mfereji umekufa. Huenda kutazama. Akisimama katikati ya mfereji na kuyaona maji, anajua kwamba kizuizi kiko chini yake. Akipakuta pakavu, anajua kwamba kizuizi kiko juu, kuelekea kwenye banio. Kwa kutazama mara moja tu, ameiondoa nusu ya mfereji katika shaka yake.

Kompyuta nayo ni mfereji. Umeme hutoka kwenye soketi, hupita katika waya na kuingia ndani ya mashine. Windows hutoka kwenye diski na kuingia katika kumbukumbu ya kazi. Programu hufunguka juu ya Windows. Na picha husafiri hadi kwenye skrini. Kila kasoro iko mahali fulani katika safari hiyo. Kutokana na mfano huu twapata kanuni nne:

(a) Uliza na utazame kabla ya kugusa. Kasoro ilianza lini? Ni kitu gani kilibadilishwa kabla yake? Ujumbe ulioandikwa kwenye skrini unakiliwe neno kwa neno.

(b) Anza na kilicho nje na kisicho na gharama, ndipo uende ndani.

(c) Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili waya, ukafuta programu na kuchomoa flashi kwa pamoja, kisha mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya.

(d) Andika katika daftari tarehe, dalili, ulilolifanya na matokeo yake. Mwalimu atakayekuja baada yako atakushukuru.

KASORO ZINAZOTOKEA MARA KWA MARA

1. Mashine haiwaki. Chomeka taa kwenye soketi ileile. Taa isipowaka, kasoro si ya kompyuta. Taa ikiwaka, tazama waya, plagi na swichi iliyo nyuma ya mashine. Kisha pambanua hali mbili ambazo wengi huzichanganya: mashine kutowaka, na skrini kutoonyesha kitu. Ukisikia feni ikizunguka na kuona taa ndogo ya mashine, umeme umefika. Sasa kagua waya wa skrini. Kwa kompyuta mpakato, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika bila kukiachia, kisha rudisha chaja na ujaribu tena.

2. Mashine imeganda. Kwanza subiri kidogo, kwani huenda ina kazi nzito. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, lenye orodha ya programu zinazofanya kazi. Chagua iliyoganda uifunge. Fahamu tu kwamba maandishi ambayo hayakuhifadhiwa katika programu hiyo yatapotea. Kuizima mashine kwa kukishikilia kitufe cha kuwashia kuwe njia ya mwisho, maana faili iliyokuwa ikiandikwa kwenye diski yaweza kubaki nusu.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili ziwake upesi. Kwa hiyo kasoro ya jana yaweza kuamka tena leo. Anayetaka mashine ianze upya kabisa achague Restart, yaani kuwasha upya, badala ya Shut down.

3. Mashine inakwenda polepole. Katika dirisha lile la Task Manager, tazama ni kipi kilichoelemewa: kumbukumbu ya kazi au diski. Kama ni kumbukumbu, funga programu zisizohitajika, na uzizuie zile zinazojifungua zenyewe kila mashine inapowashwa. Kama diski imejaa, hamishia picha na video mahali pengine. Kama mashine ina joto kali na feni inavuma, huenda vumbi limeziba matundu ya hewa. Kumbuka pia kwamba Windows 11 hutaka kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4. Mashine yenye pungufu ya hapo haina ugonjwa, bali imetwishwa mzigo usio wake.

4. Saa inarudi nyuma. Kompyuta ikichomolewa kwenye umeme, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ambayo kwa kawaida ni ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Ikiisha nguvu, mashine huamka ikiamini kwamba ni mwaka uliopita zamani. Hapo kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya kurasa hizo hukaguliwa kwa tarehe. Mtumiaji hulaumu mtandao, kumbe kasoro ni saa. Rekebisha tarehe kwanza. Ikipotea tena baada ya mashine kuchomolewa, fundi abadili betri.

5. Faili za flashi zimegeuka njia za mkato. Hii ni kazi ya virusi. Mara nyingi faili hazikufutwa, bali zimefichwa, na mahali pake pamewekwa mitego. Usiibofye mitego hiyo, wala usikubali flashi ifutwe yote. Kwanza ikague kwa programu ya kuzuia virusi. Windows 8 na zilizofuata huja nayo. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, na katika dirisha jeusi andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka mahali pa E herufi ya flashi yako. Faili zilizofichwa zitaonekana tena. Zinakili mahali salama.

HALI YA HEWA YA MILIMANI

Katika Milima ya Usambara kuna baridi na ukungu, hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Mashine iliyolala katika chumba cha baridi ikiletwa ghafla penye joto na watu wengi, hupata umande kama miwani ipatavyo. Iachwe ikauke na kuzoea chumba kabla ya kuwashwa. Wakati wa mvua za radi, izimwe na plagi ichomolewe kabisa, kwani kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kadhalika, umeme ukikatika, chomoa plagi, ungoje dakika chache baada ya kurudi ndipo uwashe.

KULIFANYA JAMBO HILI SOMO

Mwalimu mwenye kompyuta moja na watoto wengi aweza kufundisha hivi. Kabla ya kipindi atengeneze kasoro isiyo na madhara: alegeze waya wa skrini, achomoe kibodi, au abadili tarehe. Awagawe wanafunzi katika vikundi vya watoto watano. Kila kikundi kitazame, kiandike dalili, kitaje mahali mawili au matatu kasoro inapoweza kuwa, na kieleze ni jaribio gani litakaloondoa nusu ya mashaka. Ndipo kiruhusiwe kufanya jaribio moja tu. Mwalimu asitoe jibu upesi. Mtoto aliyebahatisha akafaulu aulizwe: umejuaje? Aliyekosea kwa kufuata hoja nzuri asifiwe.

Waya wa umeme mkuu, wenye volti 230, uguswe na mwalimu peke yake, naye mikono yake iwe mikavu.

Penye shule isiyo na kompyuta wala umeme, somo hilihili laweza kufundishwa kwa tochi. Geuza betri moja, au weka balbu iliyoungua, kisha waambie watoto watafute kasoro kwa kanuni zilezile nne. Mtoto aliyejifunza kwa tochi hatababaika siku atakapokutana na kompyuta.

MIPAKA YA MWALIMU

Ukisikia harufu ya kuungua, au diski ikigonga, au ukiona betri ya kompyuta mpakato imevimba, zima mashine, chomoa plagi, usiendelee. Hiyo ni kazi ya fundi. Mashine inapokwenda kwake, ifuatane na karatasi yenye mambo mawili: dalili ulizoziandika katika daftari, na agizo kwamba faili zisifutwe kabla ya kunakiliwa.

Ifahamike pia kwamba muda wa kawaida wa Microsoft kuihudumia Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mashine hizo bado huandika na kufundishia vema, lakini mashine isiyopata marekebisho ya usalama itumiwe kwa hadhari kwenye intaneti, na flashi ngeni zikaguliwe kwanza.

Juu ya yote, alama za wanafunzi zisikae mahali pamoja. Ziwe ndani ya kompyuta, ziwe kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, na ziwe kwenye karatasi. Mashine iliyokufa yaweza kununuliwa nyingine. Kazi ya mtoto ya mwaka mzima haiuzwi dukani.

MAZOEZI

1. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Taja majaribio mawili utakayoyafanya, na ueleze kila moja litakuondolea shaka gani.

2. Mwalimu mwenzako anasema, "Intaneti imekufa, kurasa zote zinakataa." Utamwuliza maswali gani kabla ya kuigusa mashine yake?

3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 la kutafuta kasoro kwa kutumia tochi. Onyesha jinsi utakavyopima kama mwanafunzi amefikiri au amebahatisha.