Yatima wa Nakivale na Lango la Hospitali

Tangu mwaka 2001, Serikali ya Uganda ilipofuta ada za matibabu katika vituo vyake vya afya, yatima hadaiwi fedha ili atazamwe na mganga. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na ambayo leo yana pia Wakongo, Warundi na Wasomali, mkimbizi na mwenyeji hungoja katika mstari mmoja. Iweje basi mtoto wa Endiinzi au wa Nakivale, aliyefiwa na wazazi, alale na homa siku tatu bila dawa?

Jibu liko njiani, kabla hajafika kituoni. Wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya Mbarara hadi mwaka 2005, ni nchi ya vilima na vijiji vilivyotawanyika. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo cha karibu, mgonjwa hupelekwa kituo kikubwa zaidi, kama kile cha Rwekubo, na ukizidi hapo huenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Malango hayo ni ya bure. Lakini kati ya lango na lango kuna nauli ya bodaboda, na gari la wagonjwa halifiki kila kijiji. Tena, yeyote aliyepata kulazwa anajua kwamba katika hospitali zetu mgonjwa huja na mtu wake: wa kumpikia, wa kumfulia, wa kumpeleka kupimwa damu. Yatima atakuja na nani? Pengine ni dada wa miaka 12, ambaye akiondoka wadogo zake hulala njaa, hasa tangu posho ya wakimbizi ilipoanza kupunguzwa mwaka 2020. Nayo malaria haingoji; waganga hutaka mtoto aanze dawa kabla ya saa 24 kupita tangu homa imshike.

Hapa ndipo askari anapohusika. Yeye yuko barabarani usiku, wakati ambapo ofisi zimefungwa. Kadhalika anayo lugha. Wauguzi wengi wa huko ni wasemaji wa Kinyankole, na mtoto aliyetoka Kongo hajui ila Kiswahili. Ndicho Kiswahili hiki cha kambini, ambacho raia wetu wengine walikiogopa kwa miaka mingi kwa sababu walikisikia kwenye vizuizi tu. Askari akisimama kitandani akafasiri, mganga atajua maumivu yako wapi.

Mtoto mgonjwa anayekutwa bila karatasi si mhalifu. Apelekwe kwanza kutibiwa, maelezo yaandikwe baadaye. Kisha apewe habari mjumbe wa baraza la kijiji mwenye dhamana ya watoto, kwani Sheria ya Watoto imeyabebesha mabaraza hayo jukumu la kuwalinda. Na ikiwa ni mkimbizi, iarifiwe Ofisi ya Waziri Mkuu iliyoko makazini, ili atafutiwe jamaa au mlezi.

Na kabla hajasinzia kwa homa, aulizwe kwa upole: jina lako nani, unalala nyumba ya nani, homa ilianza lini, umekwisha kumeza dawa gani, na je, umewaacha wadogo zako peke yao?