Saa Mbili Liuli

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kuulizwa, "Wewe unataka nini?" naye akajibu, "Chochote tu"? Sisi sita wa kikundi cha akina mama wa kanisa hapa Mbinga tulikuwa hodari wa jibu hilo, mpaka siku meli yetu ilipotia nanga Liuli.

Tulikuwa tunakwenda Kyela kwenye harusi ya binti wa mwenzetu. Tuliteremka hadi Mbamba Bay kwa barabara ya lami ya kilomita 66, tukiacha nyuma mashamba ya kahawa na ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji mlimani. Mbamba Bay tukapanda MV Mbeya II, meli iliyoanza kazi katika Ziwa Nyasa mwaka 2021. Tulipofika Liuli tukatangaziwa kwamba mizigo ni mingi, meli itakaa saa mbili.

Pwani hii ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Mbinga hadi ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Hata hivyo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuikanyaga Liuli. Kijana mmoja mwenyeji akatuahidi kututembeza, yeye na mwenzake, kwa bajaji mbili: Jiwe la Pomonda, bandari ya vita, kisha kaburi la mmisionari. Alitaka shilingi 40,000, tukaelewana 30,000.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watano, alikataa kushuka. "Nendeni tu, mimi nitalinda mizigo. Elfu tano ni madaftari ya watoto." Tukamchangia, akapanda shingo upande.

Jiwe na manahodha wawili

Pomonda ni jiwe kubwa lililochomoza ziwani karibu na ufuko. Wajerumani waliliona linafanana na Sphinx, ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari hii Sphinxhafen. Wenyeji wana kumbukumbu nyingine: kijana wetu alisimulia kwamba wazee wao walijificha jiweni humo wakati wa vita.

Bandarini alitueleza kisa cha Agosti 1914. Nahodha Mwingereza Rhoades na nahodha Mjerumani Berndt walikuwa marafiki. Meli ya Berndt, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mara ikatokea Gwendolen ya Rhoades, ikaipiga mizinga. Berndt, ambaye hakuwa na habari kwamba vita imeanza, alipanda mashua ndogo akamfuata rafiki yake akimfokea kama mtu aliyelewa. Papo hapo akafanywa mateka.

"Laiti mtu angemwambia mapema," akasema mmoja wetu, tukacheka.

Ombi lililochelewa

Tulipoondoka hapo ilikuwa imebaki chini ya saa moja. Kijana akageuza kuelekea kaburi la Arkidiakoni William Percival Johnson, aliyekuja Afrika mwaka 1876, akahudumu ufukoni mwa ziwa hili kwa karibu nusu karne huku macho yake yakizidi kufifia, akafa hapa Liuli mwaka 1928. Mmoja wetu alikuwa na hamu ya kusali hapo tangu Mbinga.

Njiani tukaona kibao cha Hospitali ya Mtakatifu Anna. Mama wa madaftari akanyamaza kabisa. Tulipomdadisi sana ndipo akasema, "Nimezaliwa hapo. Mama alifia hapo siku ya tatu. Nikapelekwa Mbinga kwa bibi nikiwa kichanga. Sijawahi kupaona."

Kijana akatuambia muda unatosha mahali pamoja tu. Tuseme ukweli: tulibishana. Kila mmoja alikuwa amelipa, na kaburi lilikuwa katika mapatano. Katikati ya kelele mwenyewe akasema, "Basi, twendeni kaburini. Mimi popote tu."

Sisi tuliofanya kazi wodini tunaijua sauti hiyo. Ndiyo ya mama mjamzito anayesema "siumwi sana", kumbe ameumwa usiku kucha, na sasa amechelewa. Ndipo yule aliyetaka kusali kaburini akamwambia dereva, "Geuza. Kaburi limekaa hapo tangu 1928, litatusubiri."

Haukuwa wakati wa kuona wagonjwa, kwa hiyo hatukuingia wodini. Tuliomba ruhusa tukasimama barazani. Mwenzetu aliangalia lile jengo la wazazi kwa dakika chache, bila kulia. Karibu naye aliketi mama aliyejifungua, mtoto amemfunika kitambaa kilichochakaa. Mwenzetu akafungua mkoba, akatoa kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya harusi, akampa. Hawakuongea mengi. Honi ya meli ikalia, tukakimbilia bajaji.

Ukipata nafasi kama hii

Mama mwenzetu, kabla ya kupanda bajaji patana bei, taja mahali mtakapokwenda, na mwambie dereva muwe mmerudi nusu saa kabla ya meli kuondoka. Usikanyage maji ya kando yenye majani, kwa maana kichocho kipo. Melini jua mahali yalipo maboya ya kuvaa, kwani upepo wa mwera haubishi hodi. Na kabla ya safari kila mmoja aseme anachotamani kuona, na wengine wasikilize. Mwenzetu angesema asubuhi, tungepata muda wa yote mawili. Nasi tungemwuliza vizuri, huenda angesema.

Kyela alihudhuria harusi na kanga yake ya zamani. Hakuna aliyemwuliza ile mpya iko wapi.