Nchi Mbili na Njia Moja

Kibamba ni mahali katika wilaya ya Ubungo, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mtu akisimama pale huona magari makubwa yakipita mchana na usiku. Mengine hayaishii Morogoro wala Iringa, bali huendelea mpaka Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, yakavuka mpaka na kuingia Zambia. Yaendayo huchukua mafuta na mbolea. Yarudiyo huchukua shaba. Magari hayo ni dalili ya ujirani wa nchi mbili.

Ujirani huo ulikua katika shida. Zambia haina pwani. Ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake ilifika baharini kwa kupita nchi za kusini, zilizokuwa chini ya walowezi na Wareno. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao wenyewe, na njia ile ikawa ya mashaka. Basi Rais Kenneth Kaunda wa Zambia na Rais Julius Nyerere wa Tanzania wakapatana kufungua njia nyingine. Bomba la mafuta likamalizika mwaka 1968. Kisha, kwa mkopo wa China usio na riba, ikajengwa reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Nchi hizo zilikabidhiwa reli hiyo mwaka 1976.

Walakini jirani naye hupatwa na mambo nyumbani kwake. Bei ya shaba ilishuka, na hazina ya Zambia ikapungua. Serikali ilikuwa ikilipa sehemu ya bei ya unga wa mahindi, nayo ikalemewa. Wachimba shaba wakagoma. Mwaka 1981 Frederick Chiluba, mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alitiwa kizuizini pamoja na wenzake pasipo kushitakiwa. Mwaka 1986, na tena Juni 1990, bei ya unga ilipopandishwa, ghasia zilitokea na watu wakafa.

Wakati huo sheria ya Zambia iliruhusu chama kimoja tu cha siasa. Watu wakadai haki ya kuchagua. Kaunda akakubali, na Desemba 1990 sheria ikabadilishwa. Tarehe 31 Oktoba 1991 kura zikapigwa. Chiluba akashinda, naye Kaunda akaondoka madarakani kwa amani.

Hapo urafiki ulipimwa. Ulikuwa umejulikana kwa majina ya Nyerere na Kaunda. Je, ungedumu Kaunda akiondoka? Ulidumu. Sababu ya kwanza ni hii: mkataba wa reli ulikuwa wa nchi, si wa mtu. Kila nchi ina nusu ya reli, na mawaziri wa pande zote mbili huketi pamoja kuiangalia. Sababu ya pili, mizigo ya Zambia ilihitaji bandari, nayo bandari ilihitaji mizigo. Tena ugomvi ule ulikuwa wa Wazambia, nao waliuamua wenyewe kwa kura.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tanzania haikungoja kinyozi. Mapema mwaka 1990, mabadiliko yalipokuwa yakivuma toka Ulaya ya Mashariki, Nyerere alisema si mwiko kuzungumza habari za vyama vingi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliweka tume chini ya Jaji Francis Nyalali kuwauliza wananchi. Watu wapata 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Lakini tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, ili na wale wachache wapate sauti. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya hapo ukafanywa mwaka 1995.

Marais wa nchi zote mbili wamebadilika mara nyingi tangu siku zile. Magari yangali yakipita Kibamba.

Maswali
1. Kwa nini Zambia ilihitaji njia ya Dar es Salaam?
2. Wafanya kazi wa Zambia walikuwa na malalamiko gani?
3. Kwa nini urafiki wa nchi hizi haukuvunjika mwaka 1991?