Fahamu: Kwa nini tangi la matumbawe huanza na subira

Aprili 2024 wanasayansi walipotangaza kuwa matumbawe yanapauka duniani kote kwa mara ya nne, chanzo kilikuwa joto la bahari. Nyuzi moja au mbili za ziada kwa wiki kadhaa hutosha kuyadhuru. Anayefuga matumbawe nyumbani azingatie hilo: kazi yake kubwa ni kutunza maji. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, lakini huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo samaki wasitangulie.

Wapo wanaoona tangi dogo ni rahisi zaidi. Sivyo: maji machache hupata joto na kukolea chumvi upesi. Wengine husema ufugaji huu unaharibu bahari. Hoja hiyo ina uzito pale matumbawe yanapong'olewa mwambani, ila vipande vilivyokatwa kwenye matumbawe ya kufugwa hukua vizuri. Nunua vipande hivyo tu, na kama huwezi kusubiri mwezi mzima, usianze.